Kona kwa Gitaa Jekundu

Mara ya kwanza kufanya shughuli na msusi wa kona nilikwenda kumwondoa alipokaa. Sikwenda kwa ubaya. Nilikwenda na friji.

Tulikuwa tumepanga vyumba vilivyopakana, mimi na yeye, kwenye jengo moja refu lenye kibaraza kwa mbele. Chumba changu kilikuwa kikubwa na kilijaa mpaka mlangoni: spika, feni, friji zilizotumika, mashine za kufulia, vyombo vya muziki nilivyonunua kwa watu waliokata tamaa navyo. Chake kilikuwa kidogo, kioo kimoja na viti viwili, lakini ndicho kilichoishia kwenye kona ya barabara mbili. Anayetoka sokoni anakiona, anayetoka kituoni anakiona. Na kona ile yote, yeye alikuwa ameikalia kwa kiti cha plastiki, mteja kaketi chini kwenye mto, kichwa katikati ya magoti yake. Mimi nilipoitazama niliona mahali pa kupanga friji sita zikimetameta.

Mwenye nyumba hakujali nani anakaa wapi, mradi kodi inaingia. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kupatana sisi wenyewe. Nikamwambia achukue friji, ya milango miwili, inayogandisha barabara, halafu tubadilishane vibaraza: mimi kona, yeye mbele ya duka langu. Hakuinua hata mikono. Alikuwa na kitana mdomoni, akakitoa kwanza.

"Shemeji, friji nitaisuka?"

Shemeji ilitokana na mumewe, fundi bomba, ambaye tuliitana kaka tangu nilipoanza kumuuzia mabomba yaliyotumika. Nikaongeza feni juu ya friji. Nikaongeza kioo kikubwa chenye fremu. Akaniambia pale kwake mwanga unaingia kwa pande mbili, mistari ya kichwani anaiona. Huko kwangu angekuwa anapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti. Nikaongeza maneno matamu, maana hayo hayana gharama. Mteja aliyekuwa chini akacheka, na mimi nikaibeba feni yangu nikarudi.

Nimefanya biashara na watu wengi, na kumtambua anayesema hapana ili aongezewe hainichukui muda. Huyu alisema hapana kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Watu wa namna hiyo wananiudhi. Kona ile ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wao mumewe alipokosa mabomba ya kutengeneza, na alijua hivyo kuliko nilivyojua mimi.

Sasa kuna habari ya wimbo. Kila spika iliyoingia dukani niliipima kwa wimbo mmoja. Ni wimbo wa roki, wa ile roki ya watu wasio na haraka: mmoja unakula upande mzima wa kanda, unabadili mwendo katikati ya safari, na mwimbaji unamsubiri mpaka unasahau kama alialikwa. Sikuupenda. Niliutumia kwa sababu una kila kitu ndani yake, besi inayotikisa kifua, matoazi membamba kama sindano, na mwanzoni kabisa gitaa moja linalozunguka peke yake kabla wenzake hawajaingia. Spika yenye ugonjwa haiwezi kujificha mbele ya wimbo ule. Waliopiga ni akina nani, sikujua. Karatasi ya jalada ilichanika kabla kanda haijanifikia.

Lile gitaa la mwanzoni lilizunguka kama gurudumu lililopinda. Unadhani limefika, kumbe bado. Unainua mguu ucheze, mguu unabaki hewani. Wateja wa saluni walilalamika kwamba linawatia kizunguzungu. Yeye hakulalamika kamwe. Siku moja niliuzima wimbo katikati nikasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta ikiniambia nirudishe, hajamaliza mstari. Nikatoka nione ni mstari gani. Alikuwa anasuka kwa kufuata gitaa. Vidole vilikwenda moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili, kisha upya, na kila gurudumu lilipogeuka naye alikuwa amefika pale pale. Ndipo nilipojua kwamba lina hesabu, na hesabu yenyewe ni saba. Miaka yote ile nilidhani kanda yangu imeliwa kidogo na mashine.

Gitaa jekundu lilikuja na mzigo wa hoteli iliyofungwa, pamoja na magodoro na mabirika. La umeme, shingo imenyooka, rangi imebanduka kidogo pale mkono unapolala. Lilikaa ukutani bila kupata mnunuzi, kwa kuwa wanaonunua vyombo vya muziki kwetu walitaka kinanda. Aliyelishika mara kwa mara ni mpiga gitaa wa bendi ya ukumbi wa jirani, ambaye watu wote walimwita Solo. Solo hakuweza kupita mbele ya gitaa bila kulinyanyua. Analityuni, anakaza uzi huu na kulegeza ule, anapiga vipande viwili vya kuringa, analirudisha. Sikumkataza, kwa sababu gitaa lililotyuniwa linauzika kuliko lisilotyuniwa, na Solo hakunidai kitu.

Basi siku moja, saa za mchana wateja wanapopungua, msusi akaingia dukani akifuta mikono kwenye khanga, akasimama mbele ya gitaa jekundu. Akauliza kama lile la kwenye wimbo wangu ni la aina hii. Nikamwambia la aina hii hii, nikaanza kulisifia. Solo alikuwa amekaa juu ya mashine ya kufulia, akamuuliza anamtafutia nani. Akasema anajitafutia mwenyewe. Anataka kupiga ule mzunguko.

Solo hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia mtoto anataka kuendesha lori. Akamweleza kwamba ule aliwahi kuujaribu mwenyewe akaachana nao, unataka watu wawili, mmoja awe anashikilia huku mwingine akizunguka.

"Vidole vya kusuka vibaki kwenye nywele, dada yangu," akasema. "Usijichoshe."

"Ulijaribu kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha kuacha," akamwambia.

Pale nilinusa biashara. Mtu aliyekasirika anapatana vizuri zaidi kuliko aliyetulia, na huyu uso haukuonyesha hasira ila kidevu kilikuwa kimepanda. Nikaweka sharti mezani palepale, mbele ya Solo. Achukue gitaa na amplifaya ndogo, leo hii, bila kunipa chochote. Mvua zikikatika, apige kile kipande chote kuanzia gitaa linapoanza peke yake hadi ngoma zinapoingia, bila kusimama, bila kutoka nje ya wimbo. Akipiga, gitaa lake na amplifaya yake. Asipopiga, navichukua vyangu, na kona inakuwa yangu.

Nilitegemea aombe muda wa kufikiri. Aliuliza kitu kimoja tu: nani ataamua? Nikamwambia achague.

"Huyo," akasema, akimwonyesha Solo kwa kidevu. "Nataka huyo huyo."

Mumewe alipata habari kabla hajateremsha mabomba begani. Alinijia kwanza mimi, akaniuliza kama afya yangu ni nzuri. Kisha akaenda kwa mkewe, na kwa kuwa ukuta wetu ni wa matofali membamba, nilisikia bila kujisumbua. Akamuuliza ameiweka kona rehani kwa ajili ya kelele? Mkewe akamjibu kwamba kona ni yake, mabomba hajayagusa. Yule bwana akayabeba mabomba yake akatoka, na mimi nikajua kwamba pale nyumbani shauri hilo limekwisha.

Wiki za mwanzo zilinifurahisha sana. Solo, ambaye si mtu mbaya, alijitolea kumfundisha namna ya kushika. Akamwonyesha vidole vinavyopangwa, akamwonyesha zile sauti wanazotumia bendi zote. Msusi alikuwa na vidole vyenye nguvu na visivyochoka, lakini ngozi ilikuwa ngumu pembeni, mahali uzi wa kusukia unapopita, na laini kwenye ncha. Nyuzi za chuma zilimkata. Alisuka wateja huku ncha za vidole zimezungushiwa plasta. Saa mteja hayupo anapiga, na kilichotoka kilikuwa vipande vipande, kama mtu anayepanda ngazi iliyokosa vidato. Kidole kinaruka mbali kushika sauti ya chini, na kikifika, ile ya juu imekufa. Kwenye wimbo zote mbili zinalia pamoja. Kwake, moja inaua nyingine.

Siku moja nilitoka na futi ya kupimia nikaipima kona, urefu na upana, nione friji zitakaaje. Aliniona.

"Pima vizuri, shemeji. Usije ukasema kona imekudanganya."

Nikamwambia napima tu upepo unavyopita. Mteja wake akaniambia upepo haupimwi kwa futi. Kibaraza kile kilikuwa na wachekaji wengi mno.

Baadaye akaanza jambo lililoniudhi. Kila nilipoweka wimbo kupima spika, alinitaka nirudishe mwanzo. Siyo mwanzo wa mzunguko. Mwanzo wa kabisa, kabla ya mzunguko, pale ambapo yule mpigaji anapitisha mkono mara moja tu juu ya nyuzi zote, kama anayefuta vumbi, halafu ananyamaza kidogo ndipo aanze. Nirudishe, nirudishe tena. Nikamuuliza anatafuta nini pale wakati hapana kitu. Akaniambia ndiyo, hapana kitu. Mkono wa kushoto wa yule mtu haushiki chochote pale. Nyuzi zinalia wazi, zote kwa pamoja, hakuna kidole kinachoteleza wala kubana. Halafu akachukua gitaa lake akapitisha mkono vilevile bila kushika kitu. Sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa.

"Sasa niambie, shemeji," akasema. "Mimi nashika kwa vidole gani hapo? Sijashika. Na yeye hajashika. Mbona tunasema maneno tofauti?"

Sikuwa nalipwa kutafuta jibu. Alilitafuta mwenyewe. Alishusha uzi mmoja, akausikiliza na kanda, akaurudisha, akashusha mwingine. Mwishowe uzi mnene kuliko wote ulikuwa umeshuka kidogo kutoka pale Solo alipouweka, na zile nyuzi mbili nyembamba kabisa zilikuwa zimeshuka vilevile. Za katikati hazikuguswa. Akapitisha mkono. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu, na nakiri ilikuwa ile ile ya kwenye spika, sauti isiyocheka wala kulia, kama mtu aliyefungua mlango na bado hajasema amekuja kufanya nini.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda vibaya kwangu. Ule uzi mnene ulilia wenyewe bila kushikwa, na vidole viwili tu vikazunguka juu yake. Hakuna kuruka mbali tena. Watu wawili wa Solo walikuwa mtu mmoja na nyuzi zilizoshushwa. Sikuhitaji kupenda muziki kujua. Ukuta ulikuwa mwembamba, na mimi nimeusikia wimbo ule kuliko waliourekodi.

Halafu kukatokea balaa. Akiacha gitaa asubuhi liko sawa, akirudi kutoka kununua nywele za kusukia, nyuzi zimepanda tena. Anazishusha upya. Kesho yake hivyo hivyo. Mzunguko aliokwisha kuushika ukawa unamtoka mikononi, maana muda wa kupiga ulikuwa unaishia kwenye kushusha nyuzi. Na mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Alinijia dukani, safari hii bila utani.

"Unanichezea gitaa."

Nikamwambia mimi nikitaka kumchezea mtu, namchezea kwenye bei. Hakuniamini, na sikumlaumu, kwa kuwa mwenye kufaidika na hasara yake nilikuwa mimi. Nikamwambia wazi kwamba sitaki kona yenye maneno. Siku friji yangu itakapohamia pale, sitaki mwanamke yeyote wa mtaa huu aseme nimeiba. Hao ndio wake wa wateja wangu. Tukakaa macho, kila mmoja upande wake.

Tulichogundua ni hiki. Solo alikuwa akipita saluni kama alivyokuwa akipita dukani. Gitaa limeegemea ukuta, mwenyewe hayupo, basi analinyanyua, anasikia limelegea, analikaza, analirudisha. Wala hafikirii. Ni kama kumkunjulia jirani ukosi wa shati. Kila mpiga gitaa aliyefundishwa kwenye ukumbi ule angefanya hivyo na angeona amekusaidia. Tulimkuta mchana kweupe, kasimama kwenye kona na gitaa kifuani, akikaza uzi mwembamba kabisa, na tukiwa tunamtazama uzi ukakatika, ukampiga kwenye kidole gumba. Chuma kinachopandishwa na kushushwa kila siku kinachoka.

Msusi hakupiga kelele. Alimwambia Solo kwa sauti ya kawaida kwamba nyuzi hizo hazikulegea, amezilegeza mwenyewe kwa makusudi, na anajua ziko wapi. Solo akasema gitaa halityuniwi hivyo. Akasema kwa upole kabisa, huku anamung'unya kidole, kwamba akijifunza kwa nyuzi zilizokosewa hataweza kupiga na mtu yeyote duniani.

"Basi nitapiga peke yangu. Lakini hapa mkono wako usiguse tena."

Uzi mpya ulitoka dukani kwangu, na haukutoka bure. Tulipatana amsuke mke wangu, mtindo wowote ambao mke wangu atataka. Nilidhani nimepata. Mke wangu alichagua ule wa mistari midogo midogo unaokula siku nzima, akakaa kwenye kona kutwa akisikiliza gitaa, na aliporudi nyumbani akanitangazia kwamba anamwombea mwenzake ashinde. Hasara nyingine unaipata ndani ya nyumba yako.

Msusi alipokwisha kuweka uzi mpya na kuzishusha zote mahali pake, alichukua uzi mweusi wa kusukia akavifunga vile vishikio vya kukazia, vyote sita. Alipitisha chini, juu, chini, akavuta, kama anayesuka kichwa cha mtoto mtundu anayejikuna. Ukitaka kugeuza kimoja, unahitaji mkasi. Solo alipopita akaangalia kwa muda.

"Umelifunga kama mbuzi," akasema.

"Mbuzi wangu."

"Bado wa huyu bwana," akasema Solo, akanionyesha.

"Mwambie aje amfungue."

Mimi nilikuwa nasikiliza. Ndani ya siku chache zile mzunguko ukarudi, ukapita pale ulipokuwa ukikatika, ukaendelea. Nikafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili anapoona mzani unahama: nikaenda kupatana kabla ya siku. Nikamwambia tumalize kistaarabu. Achukue gitaa liwe lake, moja kwa moja, hakuna mtihani, hakuna Solo. Mimi nichukue nusu ya kona tu. Kiti chake kinabaki, friji zangu tatu zinasimama nyuma yake, na mwanga wake hauguswi.

Lilikuwa jambo la haki. Wakati ule bado alikuwa anakosea. Nilimsikia asubuhi hiyo akikwama mahali fulani kuelekea mwisho, akarudi, akakwama tena. Mumewe, ambaye alikuwa pale anakaza koki ya sinki la saluni, akainua kichwa akaniangalia kwa matumaini kama mtu aliyetupiwa kamba. Akamwambia mkewe, chukua. Hata mimi ningechukua.

Yeye alikuwa anachana nywele za mteja, akaendelea kuchana.

"Tangu nianze kazi hii watu wananipimia," akasema. "Solo ananiambia vidole vyangu mwisho wake nywele. Wewe unakuja na futi. Leo unaniletea nusu. Shemeji, sipigi nusu ya wimbo. Nenda kasubiri mvua zikatike."

Mumewe akarudisha kichwa chini ya sinki. Nilisikia spana ikigonga bomba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mvua zilikatika. Tukakutana pale pale kwenye kona, mchana, jua likiingia kwa zile pande mbili. Nilikuwa nimetoa spika kubwa moja ili watu waone vizuri kile watakachokuja kununua siku kona itakapokuwa yangu. Solo alikaa kwenye kiti cha wateja. Fundi bomba alisimama na begi lake la kazi mkononi, kama mtu aliye tayari kuondoka na mke au na viti, chochote kitakachobaki. Wateja wa saluni walikuwapo, na mke wangu, ambaye sikumwita.

Solo alisema apige bila kanda kwanza, maana ukipiga na kanda, kanda inakubeba. Ilikuwa sawa kwenye masharti. Msusi akapitisha mkono juu ya nyuzi zilizo wazi, akanyamaza kidogo, akaanza. Mimi nilitazama mguu wa Solo. Mguu wa Solo ni mguu wa ukumbini. Umechezesha watu miaka mingi kwa hesabu ya nne, na ulianza kugonga sakafu kwa nne bila kumuuliza mwenyewe. Mizunguko ya mwanzo ulikwenda naye. Kisha ukaanza kuachana naye, huyu huku, yule kule, na Solo akakunja uso, akasikiliza, akainua mkono.

"Umetoka nje," akasema.

Msusi hakusimama. Masharti yalisema bila kusimama, na hakusimama. Alimtazama Solo usoni akaendelea kuzungusha, akafika pale alipokuwa akikwama, akapita, akaenda hadi mwisho, akaubana uzi mnene kwa kiganja ukanyamaza.

"Ulitoka," Solo akarudia. Hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyosikia.

Mwamuzi amesema, na mwamuzi alichaguliwa na yeye. Kwa masharti tuliyoweka, kona ilikuwa yangu. Fundi bomba aliweka begi chini. Msusi hakubishana na Solo wala hakumsihi. Alinigeukia mimi.

"Weka wimbo, shemeji."

Ningeweza kukataa. Mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sikukataa, na anataka nimwambie ni huruma. Haikuwa huruma. Ushindi unaobishaniwa hauhamishi kiti. Ningeichukua kona ile, na kila mtu atakayepita angesema, yule alimnyang'anya msusi kwa mguu wa Solo. Na msusi angekaa mbele ya duka langu kila siku akilipiga kwa mdomo gitaa nililomnyang'anya. Friji hazinunuliki kwenye kelele hizo. Nilitaka jambo liishe. Nikaweka kanda.

Yule wa kwenye kanda akapitisha mkono. Msusi akapitisha mkono. Ilikuwa sauti moja. Wakaanza pamoja, na baada ya mizunguko michache sikuweza tena kutenganisha ni yupi anatoka kwenye spika kubwa na ni yupi anatoka kwenye ile ndogo. Mguu wa Solo ukajaribu, ukapotea, ukajaribu tena. Nikamwona akitazama vidole vya yule mwanamke, si vya kushoto bali vya kulia, midomo yake ikianza kuhesabu. Moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili. Mguu ukatulia. Mwisho, pale ambapo siku zote alikwama, msusi alichelewa kidogo sana, kama mtu aliyejikwaa nusu, na nikashika pumzi, kwa sababu za kwangu. Akaudaka wimbo kwenye mzunguko ule ule. Ngoma zikaingia kwenye spika, na yeye alikuwa pale pale anazisubiri, kama mtu mlangoni.

Solo akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Amepiga. Aliyetoka ni mimi."

Watu wakashangilia. Mimi nikazima spika, kwa kuwa umeme ulikuwa wangu.

Solo ni mpiga muziki, na siku mbili tatu baadaye alirudi na neno zito. Bendi yake ilikuwa inatafuta gitaa la pili. Akamwambia aje, mikono anayo, sikio analo. Ila akate zile nyuzi za kusukia, akaze gitaa kama la wenzake, maana ukumbini watu wanacheza kwa nne na bendi nzima imetyuniwa namna moja. Alimwambia kwa heshima, na kwa upande wa bendi alikuwa sahihi. Msusi akamuuliza kama bendi inaweza kujifunza wimbo mmoja, huo mmoja tu, kwa nyuzi zake. Solo akasema haiwezekani. Akamwambia basi, salimia wenzako. Kwenye ukumbi ule hajawahi kupanda jukwaani mpaka leo, na mumewe, ambaye sasa anamsifia kwa kila mtu anayemzibia bomba, anasema hiyo nafasi alipaswa kuichukua. Mkewe anamwambia akaichukue yeye.

Alipoteza na wateja vilevile, wale waliotaka kusukwa kwa utulivu. Waliobaki wanasukwa kwa saba.

Mimi nilipoteza gitaa, amplifaya, uzi mmoja wa chuma na kona. Lakini mtu hakai na hasara bila kuigeuza aone chini yake kuna nini. Niliona kwamba akipiga, watu wanasimama. Wakisimama, wanatazama huku na huku. Nikaenda kwake na pendekezo: niweke spika yangu kubwa kwenye kona yake, apigie humo badala ya ile ndogo inayokwaruza, watu wasikie, waulize, waingie dukani. Nilitarajia anishukuru. Akaniambia spika ikiingia kwenye kona yake, haitoki bila ruhusa yake, haiwekewi bei juu yake, na wimbo ule nikiuweka kupima spika nyingine niuache ufike mwisho, nisiukate tena katikati. Tulibishana mchana mzima. Nilipata kitu kimoja tu: ruhusa ya kubandika jina la duka kwenye spika, herufi ndogo.

Nauza spika sasa kuliko nilivyowahi kuuza. Friji ziko ndani, zimebanana. Ile spika ya kwenye kona ni yangu, kila mtu anajua ni yangu, na swichi yake ipo ukutani upande wa saluni.